Mkwe Kwenye Njia ya Nyegere

Athanasi wa Maposeni hakutega kwa chambo hata siku moja, na ukitaka kumuudhi mwambie aweke kichwa cha dagaa. "Chambo kinaita kila mwenye pua," angekujibu, "na mimi simwiti mtu. Mnyama ana safari zake. Mimi namsubiri njiani." Ndivyo alivyofundishwa na marehemu baba yake, na ndivyo alivyowanasa fungo, kanu na nguchiro waliokuwa wakimaliza kuku wa watu, miaka nenda rudi. Ngozi alizikausha ukutani, na wacheza ngoma walikuja wenyewe kuzichukua.

Kazi yenyewe ni macho. Unatembea kando ya njia ya mnyama, si juu yake, maana ukishaikanyaga umeiharibu. Unatazama unywele uliobaki kwenye mwiba, kinyesi kilichoachwa juu ya jiwe, majani yaliyolalia upande mmoja. Kisha unatafuta mahali njia inapobanwa, labda kati ya kichuguu na gogo, kwa sababu mnyama ni mvivu kama mimi na wewe, hapendi kuzunguka wala kulowa umande. Hapo ndipo unapotega, halafu unalaza kijiti mbele ya mtego. Akifika anakiruka kijiti, na mguu unashuka pale pale unapotaka ushuke. Kijiti hicho ndicho kilichompa Athanasi majivuno. "Mguu wake nauweka mimi," alizoea kusema, tena mbele za watu.

Ila mtegaji ana deni moja kwa binadamu wenzake. Akishatega, anafunga nyasi fundo pembeni ya njia, mwanzo wake na mwisho wake. Maposeni nzima wanalijua fundo hilo tangu wakiwa wadogo wanaochunga mbuzi. Ukiliona unageuka, huulizi.

Sasa mwaka huo akaja nyegere. Jamani, nyegere! Alivunja mizinga ya jirani yake, Fidelisi, akala asali na majana, watoto wa nyuki, na tanzi la waya la Athanasi akalikata kwa meno akaenda zake. Fidelisi alicheka kwa uchungu, akasema labda fundi amezeeka. Neno hilo lilimkaa Athanasi kooni. Jumamosi jioni akashusha darini mtego wa chuma wa baba yake, uliofuliwa kwa spring ya lori, wenye meno, ambao hata kuufungua unaukandamiza kwa magoti yote mawili. Akautega kwenye njia ya vichakani inayoanzia barabarani, karibu na kijito, na kutokea nyuma ya nyumba yake. Akaufunika majani, akalaza kijiti chake, akafunga fundo upande wa nyumbani.

Upande wa barabarani hakufunga. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kudondoka, giza linaingia, na kule mwanzo wa njia ni miiba na matope matupu. Nani mwenye akili timamu atapita humo? Ndivyo alivyojiambia, akaenda kuota moto. Kufunga nyasi tu, kazi ya kupiga chafya, akaona uvivu!

Nyumbani kwake wakati huo kulikuwa na mgeni. Mama wa mkewe Notburga, bibi mmoja mwembamba aitwaye Yasinta, alikuwa ametoka Namtumbo kuja kumwona mjukuu. Na hapa lazima nikueleze, maana vijana wa siku hizi mnacheka. Kwa Yasinta na Athanasi, mkwe na mkwe hawakutani uso kwa uso. Wakiishi boma moja, mmoja akitoka mwingine anaingia. Asubuhi Athanasi alisimama uani, mgongo ameupa jiko, akasema, "Shikamoo mama," na sauti ikatoka jikoni, "Marahaba baba, umeamkaje?" Basi, yameisha. Jina lake hakuwahi kulitamka. Kumgusa ndiyo usiseme. Tangu amwoe Notburga hadi wana wao kukua, Athanasi alimfahamu mkwewe kwa sauti na kwa rangi ya kanga.

Jumapili asubuhi mvua ilikuwa imekatika na uyoga umetoka. Athanasi alikwenda misa ya kwanza, akiwa na nia ya kuukagua mtego akirudi. Alikuwa anakaribia kijito alipokutana na jirani yao Ashura na wanawake wengine, vikapu vimejaa, wanacheka mpaka wanashikana mabega.

"Baba Noela, wewe unafukuza watu!" alisema Ashura. "Mkweo tulikuwa naye hapa hapa. Amekuona unatokeza kule kwenye kona na shati lako jeupe, akajitanda kanga, akatumbukia vichakani. Anasema kuna kijia humo, atatokea nyuma ya nyumba yenu."

Athanasi hakucheka. "Ameingia wapi?" aliuliza, ingawa alijua, na Ashura aliponyoosha kidole hakuaga, aliinama chini ya miiba akaingia mbio na shati lake la kanisani.

Alama za ndala zilikuwa mbichi juu ya matope. Alizisoma akiwa anakimbia, kwa mazoea, na kila alichosoma kilimzidishia hofu. Mahali penye dimbwi mguu umelikwepa. Penye mwiba umepita kushoto, pakavu. Bibi alikuwa anatembea vilevile kama mnyama anavyotembea, anafuata palipo rahisi, na palipo rahisi pote palikuwa panampeleka kwenye kichuguu na gogo. Athanasi alimwona nyegere akilini, mnene, mgumu, mwenye ngozi isiyopita kisu. Halafu akaufikiria muundi wa bibi wa Kingoni aliyekula ugali wa muhogo na kufunga Kwaresima maisha yake yote.

"Mama!" alipiga kelele. "Mama, simama!"

Mbele yake matawi yalivunjika. Kanga ya njano ilionekana kidogo kati ya majani, ikapotea. Akaita tena kwa nguvu zaidi, akaongeza mbio, na matawi nayo yakavunjika kwa kasi zaidi. Hapo ndipo akili ilipomfikia, na nusura aanguke. Mkwe anamkimbia! Kasikia sauti ya mkwewe wa kiume nyuma yake porini, afanye nini mwanamke mwenye heshima zake kama si kukaza mwendo? Yeye Athanasi, aliyekuwa akiwacheka wanaoswaga wanyama kwa mbwa, sasa alikuwa anamswaga mama wa mkewe kwenye chuma kwa mdomo wake mwenyewe.

Akanyamaza. Lakini kunyamaza nako kulikuwa na faida gani? Bibi aliendelea kwenda. Kichuguu kilikuwa kinaonekana tayari juu ya majani. Mungu wangu, Mungu wangu, alinong'ona Athanasi. Kulikuwa na neno moja tu ambalo lingeweza kumgandisha mwanamke yule, na neno hilo lilikuwa tusi. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

"Yasinta!"

Jina tupu, bila mama mbele wala shikamoo nyuma. Hata yeye mwenyewe lilimtisha likitoka.

Matawi yalitulia. Sauti ya bibi ikaja, inatetemeka kwa hasira. "We mtoto, umelewa? Umeniita nani?"

"Usinyanyue mguu, nakuomba. Kuna mtego mbele yako. Wa chuma."

"Uko wapi? Mbona sioni kitu?"

"Huwezi kuuona. Nimeuficha mimi." Alikuwa anasogea kwa kunyata, mikono mbele. "Kuna kijiti hapo chini?"

Hasira ilikuwa imeisha alipojibu. "Kipo. Nimekikanyaga."

Athanasi alizunguka kisiki akamwona. Alisimama kati ya kichuguu na gogo, kisigino juu ya kijiti, na ncha ya ndala imening'inia juu ya yale majani yaliyolazwa kwa ufundi wote wa ukoo wao. Kikapu kilikuwa kichwani, mkono mmoja umekishika, na mwili wote ulikuwa unayumba mbele kwa mbio zilizokatishwa ghafla. Kijiti kilikuwa kimelowa kwa mvua ya usiku. Kikiteleza tu, basi.

"Baba," alisema bibi polepole bila kugeuka, "miguu inaniisha."

Athanasi hakufikiri tena mambo ya mila. Alimrukia kwa nyuma, akamkumbatia kiunoni na kumvuta, na wote wawili wakaanguka chali kwenye matope. Kikapu kiliruka mbele. Chuma kikafunga kwa mlio uliowafanya ndege wote wa kile kichaka waruke, na kikapu kikakatika vipande viwili, uyoga ukatapakaa kila upande.

Athanasi alikuwa analia kwa sauti kama mtoto, wala hakuona haya. Bibi alikitazama kikapu, akautazama mguu wake, akarudia kukitazama kikapu. Kanga ilikuwa imedondoka, na kwa mara ya kwanza Athanasi aliuona uso wa mkwewe karibu. Alikuwa na pua ya Notburga.

"Nilikuwa nakukimbia wewe," alisema bibi. "Kadiri ulivyoita ndivyo nilivyokimbia. Nilisema moyoni, huyu leo kapatwa na nini?"

"Nisamehe mama. Upande huu sikufunga fundo."

"Kwa nini?"

"Nilidhani hapapiti mtu," alisema Athanasi, na jibu lilivyo dogo, alitamani ardhi ipasuke.

Bibi alijaribu kusimama, magoti yakakataa. Akajaribu tena akishika kichuguu, yakakataa. Kule barabarani wanawake walikuwa wanawaita kwa majina, lakini hakuna aliyethubutu kuingia. Bibi akavuta pumzi, akajitanda kanga vizuri, akafumba macho.

"Nibebe," alisema.

Basi akambeba mgongoni. Aliuzunguka mtego mbali, akapasua miiba kwa kifua mpaka akalipita fundo lake la upande wa nyumbani bila kulitazama, akatokea nyuma ya nyumba. Bibi alikuwa mwepesi kuliko gunia la mahindi, na wepesi huo ulimtisha tena upya, maana aliuhisi mfupa wa mguu wake mkononi, mwembamba, mzima. Kila akiushika vizuri aliusikia ule mlio.

Notburga alikuwa anapepeta mahindi uani. Aliinua macho, akamwona mumewe ametapakaa matope na mama yake mgongoni kwake, kichwa kimelala begani. Ungo ukamponyoka. Tangu azaliwe hajawahi kuona mkwe akibebwa na mkwewe, na akili yake ilipata sababu moja tu ya jambo kama hilo kutokea.

"Mama amekufa!" alipiga yowe. "Uwii! Mama yangu amekufa!"

Yowe lilivuka ua. Fidelisi akaja mbio na jembe mkononi, na kwenye nyumba za jirani watu wakaanza kuitikia kilio.

Yasinta akanyanyua kichwa. "Nyamaza wewe, mimi mzima," alisema. "Mwambie mumeo anishushe."

Lakini Athanasi hakushusha mtu. Alibaki amesimama katikati ya uwanja, akiwa ameushika ule mguu kwa mikono miwili.