Gunia la Mchanga Mweusi

Nyumba ya bibi yangu iliposhika moto, mimi bado mdogo, bibi aliingia ndani watu wakimpigia kelele asiingie, akatoka na mwiko. Mwiko wa ugali. Mablanketi yaliungua, mbegu za maharage ziliungua, na kuku mmoja aliyekuwa ameatamia. Bibi akasimama uani kaushikilia mwiko wake kama mtu aliyetumwa kuufuata. Tulimcheka miaka. Yeye alikuwa akijibu tu, "Huu umeshazoea mkono wangu." Sijui kwa nini nimeanzia huko. Shule niliacha darasa la tatu, na hata hapo mwalimu alikuwa akinigombeza kwamba sijui kuanza habari penye habari.

Ila nilimkumbuka bibi siku nilipomwona yule Mrundi na gunia lake.

Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi, watu wakiingilia Kagunga na kuletwa Kigoma kwa meli, mmoja na godoro, mwingine na cherehani, mwingine mikono mitupu. Yeye alikuwa na nusu gunia la mchanga. Mweusi, wenye harufu ya moshi. Alisimama mbele ya kibanda changu cha kutengenezea saa, pale Ujiji, wachuuzi wa dagaa wakamzunguka.

"Ziwa zima hili na mchanga wake, wewe umetuletea mwingine?" mmoja akamwambia.

"Ego, ndiyo," akajibu. "Wenu sijaujaribu."

Macho yake yalikuwa mezani kwangu, kwenye kigurudumu cha shaba kilichong'oka meno manne. Hapo lazima niseme kweli: meno yale niliyang'oa mimi. Saa ilikuwa ya ukutani, ya bibi mmoja mjane, marehemu mumewe alifanya kazi reli, na tangu alipoitundika haikuwahi kusimama mpaka ilipoletwa kwangu kupakwa mafuta. Spiringi ilinichomoka mkononi, ikapiga, basi. Kila Ijumaa yule mjane alikuja kuiulizia, na kila Ijumaa nikamwambia mafuta bado yanakolea. Angejua yeye, Ujiji nzima ingejua, na nani tena angenipa saa yake?

"Hiki kinasubika, nitamimina kipya kwenye mchanga wangu," yule Mrundi akasema. "Ninacho na chungu cha kuyeyushia shaba. Nipe pa kulala. Saa ikigonga, naenda zangu."

Nikampa jiko la uani. Karatasi za kambi sikumwuliza, naye hakunionyesha.

Kesho yake alitoka kutafuta mkaa. Mke wangu, Mungu amrehemu, mwanamke msafi kupita kiasi, aliukuta mchanga ule jikoni akaona ni wa kusugulia masufuria. Akasugua yetu, akasugua na ya jirani, kisha akautupa jalalani. Yule bwana aliporudi alilitazama gunia tupu, akakaa chini. Mke wangu machozi yakamtoka.

"Shemeji," yule Mrundi akasema, "ule alianza nao baba yangu. Umekula moto miaka mingi, ndiyo maana unashikana." Kisha akageuka, akayaona masufuria yaliyoanikwa yanang'aa kama kioo, akaanza kucheka. "Hata baba hakuijua kazi hii!" Akacheka mpaka mke wangu naye akaacha kulia.

Tulijaribu mchanga wa ziwani. Ni mzuri kwa kujengea, ila ukiufinya kwenye ngumi unamwagika kama sukari. Kigurudumu tulichomimina humo kilitoka na matundu kama mkate wa kumimina. Basi tukapiga magoti jalalani, sote watatu, na chekeche la unga, tukatenga maganda ya mihogo na mifupa ya migebuka, samaki wetu wa ziwani. Tukapata mchanga wa kujaza bakuli moja. Kwa kitu kidogo kama kile, bakuli linatosha.

Meno yaliyokosekana kwenye kile cha zamani Mrundi akayaunda kwa nta ya mshumaa, kisha akakipaka kigurudumu chote nta nyembamba. Nikamuuliza ya nini.

"Shaba ikipoa inajikunyata. Lazima uiongezee mwili kabla."

Akakikandamiza katikati ya vijisanduku viwili vyenye mchanga uliolowa kidogo, akavitenganisha, akakitoa, na alama ya kila jino ikabaki pale kama unyayo wa ndege. Akavifunika tena, akaacha tundu la kumiminia. Tukayeyusha koki kuukuu ya bomba, nayo ya shaba, mimi nikivukuta moto. Akamimina bila kupumua. Tulipouvunja mchanga, meno yote yalikuwepo. Siku mbili akapiga tupa, taratibu, akiimba.

Ijumaa tukaitundika saa kwa yule mjane. Ilipogonga saa sita mchana, akafumba macho.

"Mafuta yamekolea," akasema.

Nikashindwa kuvumilia. "Shikamoo, Bibi," nikaanza kama mjinga, maana nilishamwamkia mlangoni. "Niliivunja mimi. Aliyeitengeneza ni huyu."

"Marahaba tena. Nilijua, mjukuu wangu. Mafuta gani ya miezi miwili?" Akamgeukia mwenzangu. "Na wewe, kaa ule."

Akala wali na mgebuka, akalamba vidole. Tuliporudi nyumbani akaukusanya mchanga wake, ukaenea kwenye kifuko cha sukari. Mke wangu alikuwa ameinamia sufuria.

"Shemeji, leo utasugua na majivu," akamwambia. Akacheka, akashika njia ya Buzebazeba, na hakurudi tena.