Wanawake wa Santuri ya Maganga

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja alinipa kitambaa laini na kunionyesha namna ya kufuta santuri: unafuata mifereji yake, huikati. Mimi, niliyetoka chuo kikuu na shahada ya fasihi, nilidhani ananipima akili. Hakuwa ananipima. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi katika duka letu la santuri na redio mjini Shinyanga, miaka ya sabini, na niliifanya muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kugusa sindano, ile ncha inayopita kwenye mifereji na kutoa sauti.

Baadaye nilipelekwa tawi la Mwadui, kisha Geita, ambako wachimbaji walinunua redio kubwa kuliko vyumba walivyolala. Niliporudishwa Shinyanga nilikuwa Msimamizi wa Uteuzi wa Nyimbo. Cheo kilikuwa kirefu kuliko meza yangu.

Wakati huo mwimbaji aliyependwa kwetu kuliko wote alikuwa Maganga. Aliimba taratibu, kama mtu anayeomba radhi. Nyimbo zake zilikuwa zimetoka katika santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande, na karibu kila wimbo ulimtaja mwanamke: Nyanzobe, Mwanaidi, Ester na wengine. Meneja akaamua tuzikusanye zile za mapenzi katika santuri kubwa moja, na majina yote ya wanawake yaandikwe nyuma ya jalada kwa wino mwekundu.

Nilimkumbusha kwamba Maganga yuko katikati ya posa. Washenga wake walikuwa wameshafika Kishapu kwa Mzee Lushinge, mkulima wa pamba, kumwomba binti yake Kabula, na mazungumzo ya ng'ombe yalikuwa yameanza.

"Msomi," Meneja akanijibu, "wewe panga nyimbo. Ng'ombe waachie wenyewe."

Nikapanga nyimbo.

Mzee Lushinge hakuwa na gramafoni, wala hakuihitaji. Shangazi yake Kabula alimsomea jalada, jina baada ya jina, na posa ikasimama papo hapo. Maganga akaja dukani hajanyoa ndevu, na ndipo alipotueleza jambo ambalo mimi na shahada yangu hatukuwahi kumwuliza. Bendi yao ilikuwa na desturi: mwanamke akiwalisha au kuwahifadhi safarini, shukrani yake ni kutajwa kwenye wimbo. Mwanaidi aliwapa chumba Kalangalala, kule Geita. Nyanzobe aliwalisha maandazi Mwadui msimu mzima. Ester alimkanda mguu ulipoteguka.

"Kwa nini basi zote ziwe za mapenzi?" nikamwuliza.

"Sasa ningeimba nini, bwana? Maandazi?"

Meneja akaniangalia mimi, kana kwamba desturi ile niliianzisha chuoni. Nikapewa kazi ambayo haikuwamo kwenye mkataba wangu: kuwakusanya wanawake hao watatu na kuwafikisha Kishapu kwa lori la pamba. Njia nzima Mwanaidi alidai kiti cha mbele kwa kuwa wimbo wake ndio unaofungua upande wa kwanza. Nyanzobe, mwenye wajukuu wanaojitegemea, alisema yeye ndiye aliyeimbwa kwa uchungu zaidi, kila mtu anajua. Ester akawaambia kwamba bila yeye mwimbaji mwenyewe angekuwa anachechemea. Wote watatu wakaishia mbele na dereva. Mimi na Maganga tulikaa nyuma, juu ya magunia.

Uani kwa Mzee Lushinge wakashuka mmoja mmoja, wakishikana mikono wasianguke. Nyanzobe alipokanyaga chini, Mzee alimtazama, akavua kofia, na yeye ndiye aliyesema shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," akajibu Nyanzobe. "Huyu mkwe wako anakula kama nzige. Mjiandae."

Mzee akacheka mpaka akashika kiuno. Viti vikaletwa, na washenga wakaitwa warudi.

Nilidhani nimemaliza. Kabula akatoka ndani, akapiga goti mbele ya baba yake, akaomba ruhusa ya kusema neno. Kisha akamgeukia Maganga.

"Nimesikia kwamba hawa wote walitajwa kwa wema wao. Mimi hujanitaja popote. Kwa nini?"



"Ya kwako si ya shukrani," alisema Maganga, ambaye kwenye maikrofoni hakuwahi kukosa maneno. "Sikujua yanaimbwaje."

Kabula akafikiri. "Basi usiyaimbe," akasema. "Njoo nayo nyumbani."

Walioana baada ya mavuno ya pamba. Meneja alinituma tena na tena nikamwombe Maganga wimbo wa Kabula kwa ajili ya santuri ya pili, na kila mara nilirudi mikono mitupu na kutukanwa kwa kosa la mtu mwingine. Maganga hakuuimba mpaka anazikwa.

Sasa nimestaafu, na vijana wanaokusanya santuri za zamani hunijia na ile yetu, jalada limechakaa lakini wino mwekundu bado unasomeka. Wanataka niwaonyeshe kwa kidole wimbo upi alimtungia mkewe. Nawaambia haumo. Wananihurumia, wanageuza upande wa pili, wananiomba nisikilize vizuri.