Dawa Mbele ya Wakwe

Mwaka niliofunga ndoa, Bujumbura ilikosa sukari, chumvi, petroli na dawa, lakini harusi hazikukosa. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, vita vimefunga barabara za milimani, na wale kina mama waliokuwa wakituteremshia maua walibaki kwao, wenye akili zao. Mimi nilitaka maua. Nilikuwa naolewa Kinanira, kwenye nyumba yenye kabati la vitabu na makochi ya ngozi, nami ni mtoto wa Cibitoke, mtaa wa makabwela. Niliapa mama mkwe hatapata pa kutudharau.

Wokovu niliupata kwa msusi, ndani ya gazeti la Kifaransa lililochakaa. Humo meza za harusi zilipambwa kwa vyungu vya majani yanayonukia. Majani! Hayo yalijaa uani kwetu, kwenye makopo ya mafuta ya kupikia: mrehani, mchaichai, na muravumba, ule mchungu unaonukia mpaka barabarani, ambao kwetu huchemshwa kwa kikohozi na homa. Mama yangu ndiye aliyeyapanda. Mtaa mzima ulikuja kwake kuchuma, hasa tangu maduka ya dawa yalipobaki na rafu na wauzaji tu. Mimi niliyesoma, kazi yake hiyo ilinitia aibu tangu shuleni.

Mama alipoelewa ninachotaka, alishika kiuno.

"Mutoto we, utawekea bakwe dawa mbele ya sahani? Batasema tunabaona bagonjwa."

"Apana, mama. Ni dekorasiyo. Ulaya banafanya hivi."

Nikayavisha makopo vitambaa vyeupe na utepe, kila kopo na kikadi chake cha Kifaransa kwa mwandiko wangu bora. Nikamwomba pia, kwa upole wa mnafiki, asimwambie mtu kwamba yametoka uani kwetu. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kumwagilia.

Sherehe ilianza saa nane mchana ili kila mtu awahi kufika kwake kabla ya saa za kutotoka nje. Wasemaji wa familia mbili walisimama, wakapeana ng'ombe wengi wa maneno, katika mji ambao kupata nusu kilo ya nyama kulitaka ujuane na mtu. Wageni walisikiliza kwa heshima huku wakichuma. Baba mdogo wa bwana harusi, mtu wa tai na miwani, alijaza mrehani mfuko wa koti. Kabla hotuba ya pili haijaisha, Ulaya yangu ilikuwa imebaki vijiti.

Mama mkwe hakuchuma. Alikuwa akikohoa tangu kanisani, kikohozi kikavu kilichomtoa machozi, na meza kuu yote ilijua kwamba amekosa dawa kwa wiki kadhaa. Alivuta kopo la muravumba lililobaki na majani mbele yake, akaunusa, akafumba macho. Kisha akanigeukia.

"Muravumba muzuri hivi, muliutoa wapi?"

Bi harusi wa kwetu hasemi. Anainamisha macho, anakaa kama aliyefiwa, na wengine wanamjibia. Ndiyo adabu yenyewe. Mchana kutwa nilikuwa nimenyamaza vizuri sana. Mama yangu alikuwa kiti cha pili kutoka changu, na nilipoona amegeuza uso kuelekea kwetu, niliogopa atasahau ahadi yake. Nikamtangulia.

"Ku duka moja ya mu mujini, mama. Ya Bazungu."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kama mke wa mtu: kumkana mama yangu, mbele yake, katika siku pekee ambayo desturi ilinitaka nifunge mdomo. Aibu niliyokuwa nikiikimbia tangu shuleni ilinishika palepale, na haijaniachia.

Mama alinitazama. Ningeshukuru kama angenikaripia. Badala yake alimgeukia mama mkwe wangu, kwa sauti ileile aliyozungumza nayo na wagonjwa wake uani.

"Ule mwenye duka alinielezea. Unachemsha majani kidogo tu, unakunywa asubuhi na mangaribi. Usiweke sukari. Ikiisha unituma, mi nitaenda kukuletea."

Mama mkwe akamshika mikono yote miwili.

"Asante, mama. Huyo mutu wa duka ana mukono muzuri. Mungu amubariki."

"Amina," mama yangu akasema.