Kaseme Palepale Ulipotukana

Siku niliyomtukana dada yangu Masika naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiikumbuka nakasirika upya. Hasira yenyewe ni juu yangu. Lakini wiki hii hasira hiyo imekugusa na wewe, kwa hiyo kaa chini unisikilize.

Juzi mlikuwa barazani kwangu hapa Bwera, wewe na wenzako, mkizungumza habari za kujuta na kubadilika. Ukasema unajuta ulivyomfokea baba yako sokoni mbele ya watu, na kwamba siku moja utakuwa mtu mpya. Wenzako wakakusifu kwa moyo wako mzuri. Mkamaliza chai yangu, mkaenda zenu. Na baba yako yuko Karusandara tu hapo, analima mahindi yake! Nilikuwa nachambua maharagwe, nikanyamaza, maana mdomo wa hasira ndio ulioniponza zamani. Leo nitasema.

Mama yetu alifariki nikiwa bado nanyonya. Masika ndiye aliyenilea. Mume wake alikuwa amemrudisha nyumbani kwa sababu hakupata mtoto, basi Masika akanibeba mgongoni tukahamia Katwe, akaingia kazi ya chumvi. Wewe unaijua chumvi ya mezani tu. Yale maji ya ziwa la chumvi yanakula ngozi. Miguu yake ilipasuka, ikatoka damu, na asubuhi aliirudisha mumo humo ndani ya vidimbwi vinamokauka chumvi. Kwa miguu ile mimi nilivaa, nikasoma.

Nilipokuwa msichana mkubwa nikampenda askari mmoja wa kambini Kasese. Masika akasema, "Ngoja kwanza aje, tumjue." Neno dogo tu. Mimi nikaona ananionea wivu. Nikamfuata kazini, wanawake wenzake wote wameinama kwenye vidimbwi vyao, nikapaza sauti: "Wewe si mama yangu! Mungu alijua alichofanya alipokunyima mtoto!"

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Wanawake waliinuka wakanitazama. Masika hakuinuka. Aliendelea kukwangua chumvi yake, nami nikaenda njia panda ya Kikorongo, nikapanda lori la Kasese, nikaolewa na yule askari.

Nilianza kujuta wiki ileile. Nilijuta miaka mitatu, mwanangu, tena kwa machozi mengi! Kila nikimaliza kupika nilikwenda kwa jirani yangu kambini, Mama Opio, mke wa sajini, mtu wa kaskazini, nikamweleza jinsi nilivyomkosea dada yangu na jinsi moyo unavyoniuma. Nikishalia narudi nyumbani nimepata nafuu, nalala vizuri. Hilo ndilo linalonitia hasira hadi leo: kwamba nililala vizuri.

Siku moja Mama Opio alikuwa anafua magwanda ya mumewe. Akayabwaga kwenye beseni.

"Dada yako iko hai?"

"Yuko, mama."

"Iko wapi?"

"Katwe."

"Sasa kwa nini unalilia mimi? Mimi ndiyo ulitukana? Simama! Toka hapa! Usirudi na hiyo machozi mpaka umefika kwa dada yako."

Nilimchukia Mama Opio njia nzima. Lakini nilikwenda.

Nilimkuta Masika mlangoni kwake, amekonda hata sikumtambua mara moja. Nikapiga magoti. "Dada, nimekuja kuomba msamaha."

Akanitazama. "Ulinitukana hapa?"

"Hapana."

"Basi twende ulikonitukania."

Akanitangulia mpaka kwenye vidimbwi. Mbele ya wanawake walewale nililitamka tena lile neno langu baya, maana alitaka nilitaje, nikasema ni mimi niliyekosa na kwamba yeye ndiye mama niliyemjua. Masika akajibu, "Nimesikia. Sasa nenda, nina kazi."

Wakati natoka, mama mmoja akanishika mkono kwa nguvu. Akaniambia kwamba mwaka uliotangulia dada yangu aliugua, akapelekwa hospitali hajiwezi. Walipomuuliza ndugu yake ni nani wamwite, alisema, "Sina."

Nilikuwa Kasese, mwendo wa asubuhi moja. Nilikuwa kwa Mama Opio, nalia.

Nilirudi mwezi uliofuata, akakataa sukari yangu. Nikarudi tena, akakataa kuongea. Safari ya tano au ya sita alinisukumia kifaa chake cha kukwangulia chumvi, akasema, "Usisimame kama mgeni. Kamata." Nikaingia majini. Maji yale yaliniunguza miguu, nikaendelea kukwangua. Tangu hapo tukawa ndugu tena, na alipofariki, miaka mingi baadaye, alikuwa mikononi mwangu. Neno "nimekusamehe" sikulisikia kinywani mwake, na sikumdai. Lakini ile miaka mitatu, mwanangu, nimeizungusha kichwani kila upande na sijapata pa kuiweka.

Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yakija, usiyapakate na kuyaimbia kama mtoto. Kumwambia rafiki kwamba unajuta ni rahisi, tena kunapendeza. Aliyeumia hajapata kitu. Uliyemkosea akiwa hai, mfuate. Kama ulimwaibisha mbele ya watu, mheshimu mbele ya watu. Akikufukuza, ondoka kwa adabu, kisha urudi. Wala usingoje kwanza uwe mtu mpya ndipo uende. Mimi nilikwenda nikiwa yuleyule mjinga, na kurudi-rudi kule ndiko kulikonibadilisha kidogo kidogo.

Nimekukaripia kwa sababu nakupenda. Mungu wa baba zetu wa milimani akulainishie ulimi, akutie nguvu ya kupiga magoti, na amtunze baba yako akuone ukiingia kwake. Uzae, ulee, na siku ukiugua, watu wakikuuliza jina la ndugu yako, usikose la kutaja.