Walitaka Kumfukuza Mama wa Chapati Juu ya Watoto Kuhara, Tukapima Maji ya Mtaro

Wakuu, hamjambo. Hii ilinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Nafanya kazi kwa lab hapa Meru town. Tulikuwa tunapima maji taka ya manyumbani, yale hayajatibiwa, tuone kama yako na bakteria za kuleta magonjwa ya tumbo. Plot moja ya nyumba za kupanga ilikuwa Ruiri.

Tulipata watu wamekasirika. Watoto wa plot walikuwa wanahara, wanapona, wanarudia. Kendi, mjukuu wa landlady, alikuwa ametoka tu kulazwa.

Lawama yote ilikuwa kwa Nkirote, tenant anayepika chapati za kuuza mlangoni kwake. Landlady alikuwa ameshamwambia ahame.

Nikivaa gloves, Nkirote akanijia. "Daktari, pima vizuri. Mimi huosha mikono mpaka inachubuka."

Mimi si daktari, lakini hapo singeanza kumrekebisha.

Mtaro wenyewe unatoka nyuma ya nyumba ya landlady, unapita kwa Nkirote, unaishia kwa shamba la sukuma wiki ambapo watoto hucheza. Nikachukua sample kabla maji yafike kwa Nkirote, na nyingine huko chini.

Kwa lab tukapanda hizo sample kwa plates, visahani vya kukuzia bakteria, na zote mbili zikamea vidoa vyenye katikati nyeusi. Tukarudia test kuhakikisha. Salmonella, bakteria ya kuharisha. Hata ile ya juu, kabla ya kwa Nkirote!

Tulirudi na afisa wa afya, akapata septic tank ya landlady imepasuka, inavujia kwa mtaro.

Kumwambia landlady ndiyo ilikuwa shida. Ni mjane, mtu wa kanisa, na huyo Kendi ndiye roho yake. Aliniuliza polepole, "Kwa hivyo ni mimi nimekuwa nikimgonjwesha?"

"Hukujua, mama. Hiyo kitu haionekani kwa macho."

Septic ikatengenezwa, sukuma zikang'olewa. Watoto wako sawa sasa.

Wakuu, mtaani kukiwa na kuhara kusikoisha, msikimbilie kutafuta mtu wa kulaumu. Fuateni maji mpaka yanakotoka, muite watu wa afya wapime. Kama kwenu kumewahi kutokea hivi, tuambieni hapa mlifanya nini.

Na Nkirote hakuhama. Siku ile ile tulipomwambia, landlady alienda mlangoni kwake, majirani wote wakiangalia, akasema, "Nisamehe, mwanangu." Kisha akaomba chapati moja, akaila hapo hapo akiwa amesimama.