Miwani Aliyoachiwa Mama

Hainitoki akilini, mwanangu, siku tuliyomnunulia baba miwani mpya. Ndiyo kwanza nimehitimu shule ya jioni hapa Mkolani, najiona nina akili za kuendesha wilaya nzima. Sisi watoto tukachanga, baba akavuka na meli kutoka Nansio, kisiwani kwetu, akapimwa macho Mwanza mjini. Aliporudi kisiwani alitembea kama mkuu wa mkoa. Hata mbuzi walimpisha. Akapiga na picha, tukaitundika ukutani.

Ile ya zamani, yenye mkono uliofungwa kwa uzi wa nyavu, akampa mama. Kwetu ilikuwa hivyo: baba akipata kipya, mama anaachiwa cha zamani. Nadhani hata mswaki angeachiwa.

"Unaona, mama?"

"Naona vizuri sana. Mungu awabariki."

Tukaridhika. Miaka ikapita, mama anachambua mchele kwa kupapasa, nasi tunamtania: "Mama, leo umepika kokoto, wali umetia kidogo tu!" Anacheka pamoja nasi.

Baba alipofariki, ndipo dada yangu akampeleka mama hospitali. Daktari akaigeuzageuza ile miwani.

"Shikamoo, mama. Hii ilipimwa kwa macho ya nani?"

"Marahaba. Ya mume wangu."

"Na wewe ulipimwa lini?"

Dada akatazama sakafu.

Mpya yake aliivaa nyumbani, sote tukiwapo. Akamkodolea dada macho: "We binti, mvi zote hizi umeota lini? Mbona hukuniaga?" Tulicheka mpaka kuku wakakimbia. Kisha akaisogelea picha ya baba, ile aliyokuwa akiisalimu kila asubuhi. Akaitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa tena.

"Kumbe hacheki," akasema. "Miaka yote nilijua ananichekea."

 

Basi, mwanangu, ukileta kipya nyumbani, uliza cha zamani kinakwenda kwa nani. Na mama yako akikwambia anaona, usimwamini upesi hivyo. Mpeleke akapimwe macho yake mwenyewe, mapema, wakati nyuso anazozipenda bado zipo za kutazamwa.

Mungu akujalie uote mvi, na mama yako awe wa kwanza kuziona, akucheke.