Mahali Alipotibiwa Mama Vifungo

Mama Vifungo, mshonaji wa sare za shule, alikuwa na moyo unaoruka mishono. Hivyo ndivyo alivyomweleza daktari kwenye simu, na daktari hakucheka. Tangu hapo, kila siku yake ya kuonwa ilipofika alivaa viatu, akajipaka wanja, akaketi kando ya cherehani kama aliye kwenye foleni.

"Safari ya wapi, mama?" binti yake alimtania. "Hata mlango hujafungua!"

"Naenda kwa daktari. Usinicheleweshe."

Alikuwa akilipa mwenyewe kwanza, kisha kampuni ya bima inamrudishia. Mara hii ikakataa. Wakishikilia hivyo, daktari wa simu ndiyo basi tena, na ngazi za kliniki moyo ule haukuziweza. Akawapigia.

"Mama, wewe mwenyewe umetuambia ulitibiwa nyumbani," alisema karani wa bima. "Huduma ya nyumbani hatulipii."

"Ulitaka nidanganye? Nilikuwa hapa hapa, na pini mdomoni!"

"Kwa matibabu ya simu tunaangalia alipo daktari, siyo ulipo wewe. Yeye alikuwa wapi?"

Mama Vifungo akaitazama simu. Hakuwahi kuwaza kwamba daktari yuko mahali. Kwake yule kijana aliishi ndani ya mwanga wa kioo, hana sakafu chini ya miguu.

Akampigia. "Mwanangu, hivi ukiniangalia unakuwa umekaa wapi?"

Daktari akacheka, akaizungusha simu taratibu. Kikapita kitanda chenye shuka jeupe, likapita jina la kliniki ukutani, kisha dirisha, na pazia la kijani likipumua kwa upepo.

"Hapa ndipo unapokujaga, mama."

"Kumbe ni pazuri," alinong'ona. "Ila upindo wa pazia lako umefumuka."

Binti akampigia tena karani, akaweka spika, akamsomea jina la kliniki. "Ehee! Hiyo ni kliniki tunayoilipia," karani akasema. "Narekebisha. Utarudishiwa, mama, na uendelee kumwona daktari wako."

Jioni ile cherehani ilinguruma polepole, na Mama Vifungo alikuwa nusu chumbani mwake, nusu katika chumba kile ambacho, kumbe, alikuwa akiingia siku zote. Upepo wa kule ulimgusa shingoni. Moyo ukaruka mshono mmoja, ukatulia.

Akafungua kopo la nyuzi, akaanza kutafuta ya kijani.